Kikapu si cha warefu peke yao

Katika familia nyingi za Kijenge, mtoto anayerefuka haraka huwa ameshapangiwa mchezo kabla hajaugusa mpira. Mjomba akija kutoka Moshi anamwangalia juu mpaka chini, kisha anashauri apelekwe kikapu awe Hasheem wa pili. Mdogo wake aliye mfupi haambiwi kitu. Akiomba hela ya raba, anaambiwa asubiri kwanza arefuke.

Wapo hata wanaoamini kwamba kuruka kila siku kunamrefusha mtu. Hakuna kitu kama hicho. Urefu hutokana zaidi na kurithi na lishe ya utotoni. Tunawaona warefu wengi uwanjani kwa sababu makocha huwachagua wao.

Suala hili huwa zito zaidi kijana akifika chuo. Anaishi kwao Kijenge, asubuhi anapanda daladala kwenda Chuo cha Uhasibu kule Njiro, jioni anarudi giza limeingia kwa sababu ya mazoezi. Mama anahesabu nauli na ada, baba anauliza faida iko wapi kama mwenyewe hata futi sita hajafika. Ni swali la haki, na jibu lake linaweza kutafutwa kwa huyo huyo Hasheem anayetajwa kila siku.

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alianza kikapu akiwa na umri wa miaka kama 15, umri ambao Wamarekani wenzake walikuwa na miaka mingi uwanjani. Mwaka 2006 alijiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut, akiwa na futi 7 na inchi 3. Mwaka wake wa kwanza alifunga wastani wa pointi 6.2 kwa mchezo. Wa pili 10.5, wa tatu 13.6. Urefu wake ulikuwa ule ule miaka yote mitatu. Kilichoongezeka ni kazi, na wanaosema alibebwa na urefu tu wanamwonea.

Lakini kuna usiku ambao urefu haukumsaidia. Tarehe 16 Februari 2009, siku aliyotimiza miaka 22, Connecticut ikiwa namba moja Marekani nzima, walikuja Pittsburgh. Mchezaji wao wa kati alikuwa DeJuan Blair, kijana aliyekulia mtaa wa jirani na chuo chake. Aliandikwa kuwa na futi 6 na inchi 7, na kwa mchezaji wa nafasi hiyo huo ni ufupi. Zaidi ya hapo, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa magoti yote mawili akiwa sekondari, na zile kano za ndani ya goti zinazolizuia lisiteleze mbele hakuwa nazo tena, kulia wala kushoto.

Mapema katika mchezo, wawili hao waligombea ribaundi, yaani mpira uliokosa kuingia kikapuni. Mikono ikanasana, Blair akainama, Hasheem akapita juu ya bega lake mpaka sakafuni. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima. Mchezo ulipoisha, Blair alikuwa na pointi 22 na ribaundi 23. Hasheem pointi 5 na ribaundi 4. Pittsburgh ilishinda 76 kwa 68, mara yake ya kwanza kuifunga timu namba moja.

Watu hupenda kusema Blair alishinda kwa moyo. Ni kweli, ila si yote, maana mwili wake nao ulikuwa na zawadi zake: alikuwa mpana, na mikono yake ilikuwa mirefu kupita kimo chake. Moyo ulionekana mahali pengine. Kila mpira uliporushwa, hakuutazama mpira kwanza. Alimtafuta Hasheem, akamgeuzia mgongo, akashusha kiuno na kumsukuma taratibu mbali na kikapu. Mtu mrefu akishasukumwa hatua mbili, urefu wake unabaki huko huko nyuma. Kazi hiyo inachosha, na hata kwenye karatasi ya matokeo haiandikwi.

Mwezi Juni mwaka huo, soko la wachezaji wa NBA liliamua kwa futi. Hasheem alichaguliwa wa pili na Memphis, Mtanzania wa kwanza kuingia ligi hiyo. Stephen Curry, ambaye vyuo vikubwa vilimwona mwembamba mno na akaishia chuo kidogo cha Davidson, alichukuliwa wa saba. Blair na magoti yake alisubiri hadi nafasi ya 37, San Antonio. Msimu wake wa kwanza alicheza michezo yote 82. Hasheem msimu huo huo alishushwa kwa muda ligi ya chini, na kufikia mwaka 2014 safari yake ya NBA ilikuwa imekwisha. Hakutundika raba. Alikwenda kucheza Japan, kisha Taiwan, akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 30, mbali na kamera zilizompokea Memphis.

Mzazi wa Kijenge atakayepata nafasi ya kwenda kumwona mwanawe akicheza, dakika tano za mwanzo aache kuufuata mpira, amfuate mtoto wake tu. Wenzake wanapotupa, je, anasimama kuangalia, au ameshageuka kumtafuta mtu wa kumzuia? Akipokonywa mpira, anarudi mbio au anamlalamikia mwamuzi? Akiwekwa benchi anafanya nini? Kisha, wakiwa njiani kurudi nyumbani, ndipo yazungumzwe ya ada, mitihani na hiyo hela ya raba.