Kigoda cha babu: Je, ni mali au ni kuni?

Msomaji mpenzi, je, huko nyumbani kwenu Kitui au Makueni kuna kigoda cha miguu mitatu kilichochakaa, ambacho kuku hulala juu yake? Kabla hujakiuza kwa mchuuzi apitaye kijijini, au kukitia jikoni kiwe kuni, soma makala haya. Wahenga walinena: Usitupe mbachao kwa msala upitao.

Vigoda vya Wakamba vinajulikana na wakusanyaji wa vitu vya kale katika nchi nyingi. Sifa yake ni njumu: nyaya nyembamba za shaba zilizokunjwa mviringo kama konokono, kisha zikapigwapigwa hadi zikazama katika mbao za kikalio. Kilikuwa kiti cha mzee aliyeheshimika, wala si cha kila kijana.

Shaba hiyo ilitoka wapi? Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa mabingwa wa misafara. Walipeleka pembe za ndovu Mombasa na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Mmoja wa wafanyabiashara hao alikuwa Kivui Mwenda wa Kitui, aliyempokea mmisionari Ludwig Krapf mwaka wa 1849.

CHA KALE AU CHA KUIGA?

Leo vigoda vya kuiga ni vingi, na kuiga si kosa. Wachongaji wa Wamunyu, Gikomba na Changamwe wanajipatia riziki halali kwa kazi ya mikono yao. Kosa ni kuuza kigoda cha mwaka jana kwa jina la babu. Basi, ukitaka kununua au kuuza, chunguza mambo haya:

Kwanza, mbao. Kigoda cha kale kilichongwa kutoka gogo moja. Ukiona misumari au gundi miguuni, uliza maswali. Tazama pia aina ya mti. Mpingo ulipoanza kuadimika, wachongaji wengi waligeukia mwarubaini na mjakaranda. Mjakaranda ni mti wa Amerika Kusini ulioletwa wakati wa walowezi. Kwa hivyo anayekuambia kwamba kigoda cha mjakaranda ni cha siku za Kivui anakudanganya mchana.

Pili, waya. Alumini ilianza kupatikana kwa bei nafuu baada ya mwaka wa 1886. Kigoda chenye njumu za alumini hakiwezi kuwa cha 1850, ila kama waya uliongezwa baadaye. Lakini usikidharau: njumu zilizopigwa kwa ustadi, bila mapengo, bado zina thamani.

Tatu, dalili za kutumika. Kikalio kilichokaliwa miaka mingi hung'aa kwa jasho na mafuta ya mwili, na waya wake huwa umelainika sawasawa na mbao. Chini yake hubaki pakavu na rangi hafifu. Miguu nayo huliwa na ardhi, mmoja kuliko mwingine. Kigoda kilichopakwa rangi ya viatu huwa cheusi kila mahali, hata pembeni pasipofikiwa na mkono. Kinuse, kisha ukisugue kwa kitambaa cheupe.

Nne, uzima wake. Mguu uliovunjika, ufa mkubwa au waya uliong'olewa hupunguza bei. Kiraka cha zamani kilichotiwa na mwenyewe si aibu. Huonyesha kwamba kigoda kilipendwa.

USIKISAFISHE MNO

Wengi huharibu mali yao kwa nia njema. Wanakwangua kwa msasa, wanapaka vanishi, wanang'arisha shaba kwa dawa. Mng'ao wa miaka hamsini hufutika kwa asubuhi moja, wala haurudi. Tumia kitambaa kikavu tu. Kiepushe na jua kali lisije likakipasua, na ukiona unga mpya unaotoka katika vitundu vidogo, kitenge na vyombo vingine vya mbao, kwani wadudu wangali wanakula.

HISTORIA NI SEHEMU YA BEI

Vigoda viwili vinaweza kufanana kama mapacha, lakini kile kinachojulikana kilikuwa cha nani, katika kijiji gani, na kilichongwa na fundi yupi, ndicho kitakachotafutwa. Mwanafunzi, hii ni kazi yako wakati wa likizo. Nenda kwa nyanya au babu, Mwingi, Mutomo, Mbooni au Kibwezi, ukamuulize, kisha uandike majina na miaka, na ufunge karatasi hiyo pamoja na kigoda. Mzee akifariki kabla hajaulizwa, hakuna mnunuzi wala profesa atakayeijaza nafasi hiyo.

Kumbuka pia sheria. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1895, na huwezi kuvisafirisha nje bila kibali. Kitu chochote chenye pembe ya ndovu usikinunue wala kukiuza.

Na ukiamua kutouza, usione umepata hasara. Fedha za mchuuzi huisha kabla ya mwezi kwisha. Kigoda kikibaki sebuleni pamoja na historia yake, watoto wako watajua walikotoka.