MKONGE KANDO YA BUSTANI: UA NA KAMBA ZA NYUMBANI

Katika wilaya za Tarime na Serengeti mkulima na mfugaji ni mtu mmoja. Asubuhi hulima kwa maksai, jioni hurudisha ng'ombe na mbuzi zizini. Kwa sababu hiyo, adui mkubwa wa bustani ya nyumbani mara nyingi ni mifugo yetu wenyewe. Mbuzi watatu wakiingia katika mihogo michanga kwa nusu saa tu, kazi ya msimu mzima imekwisha. Tena ikiwa mbuzi ni wa jirani, shauri hufika kwa mwenyekiti wa kitongoji, na ujirani huharibika.

Watu wengi huzungushia bustani matawi ya miiba. Ua wa namna hiyo huliwa na mchwa, na kila mwaka lazima miti mingine ikatwe. Ua wa mkonge hupandwa mara moja, na ukitunzwa vema hudumu miaka mingi. Zaidi ya hayo, hukupa kamba. Lakini usipopandwa kwa utaratibu hautazuia hata ndama. Makala haya yaeleza namna ya kupanda ua usio na pengo, na namna ya kuuweka hivyo.

Asili ya mkonge

Mkonge si mmea wa Afrika. Kwao ni Meksiko. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai pwani yetu ni 62 tu, nayo ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na hiyo yalianza mashamba makubwa ya Tanga na kwingineko, hata mwaka 1964 nchi yetu ikatoa tani zipatazo 230,000 za singa. Baadaye kamba za nailoni zilienea, bei ikaanguka. Hapa twajifunza jambo moja: mmea huu huzaa upesi. Mwenye kuutunza hufaidika, na asiyeutunza bustani yake humezwa.

Kuchagua mahali

Mkonge hustahimili jua na udongo wenye mawe, lakini haupendi maji yanayotuama. Usiupande mbugani penye udongo mweusi, wala bondeni kando ya kijito. Katika milima ya Tarime, penye migomba na kahawa, usiupe mkonge udongo wako mzuri. Uweke ukingoni, penye mawe. Pande za Mugumu na Natta, tafuta mahali palipoinuka kidogo.

Mizizi ya mkonge hutambaa karibu na uso wa ardhi na kunyang'anya mazao maji. Kwa hiyo acha mita 2 kati ya ua na mstari wa kwanza wa mazao. Usiupande kando kabisa ya njia ipitwayo na watoto, kwa maana ncha ya jani ni kama sindano nayo yaweza kutoboa jicho.

Kabla ya kuchimba, mwite jirani yako, na mwenyekiti wa kitongoji awe shahidi wa mpaka. Mkonge haung'oki upesi. Ukipandwa mahali pasipokubaliwa, mtawarithisha watoto wenu ugomvi.

Kutayarisha miche

Miche hupatikana kwa njia mbili. Kwanza ni maotea, yaani machipukizi yanayotoka ardhini kando ya mkonge mkubwa. Pili ni miche midogo inayoota juu ya mlingoti baada ya maua kuanguka. Hii ya mlingotini ni midogo sana. Ipande kwanza katika kitalu, umbali wa sentimita 25 kati ya mche na mche na sentimita 50 kati ya mistari, ikae mwaka mmoja hivi.

Chagua miche yenye urefu wa sentimita 40 hadi 50, yote ya kimo kimoja. Mche mdogo ukiwa kati ya mikubwa hufunikwa, na hapo ndipo pengo huanzia. Kata mizizi ya zamani na majani makavu ya chini. Miche yaweza kukaa siku kadhaa bila kupandwa wala haitakufa.

Kupanda

Panda mwanzo wa mvua za vuli au za masika. Kwanza ondoa nyasi zote, kisha vuta kamba mbili ili mistari inyooke. Fuata vipimo hivi:

1. Mistari iwe miwili, umbali wa mita 1 kati yake.
2. Mche na mche uwe umbali wa sentimita 60, yaani kama futi 2.
3. Mche wa mstari wa pili usimame mkabala na nafasi iliyo kati ya miche miwili ya mstari wa kwanza.
4. Panda kwa kina kifupi na shindilia udongo kwa mguu. Udongo usiingie katika moyo wa mche, maana utaoza.

Nilimjua mkulima mmoja aliyepanda mstari mmoja tu, mche na mche hatua moja, ili asitumie miche mingi. Mwaka wa tatu mikonge yake ilikuwa mizuri sana, na mbuzi walipita katikati yake kama wapitavyo mlangoni. Alirudia kazi yote. Miche aliyoibana mwanzoni ilimgharimu miaka mitatu.

Katika miaka miwili ya kwanza ua bado ni mdogo, hivyo endelea kuweka miiba upande wa nje mpaka mkonge ukue.

Palizi, wadudu na mrithi

Palilia mara mbili au tatu kwa mwaka. Nyasi ndefu huleta moto, nao moto huua miche. Pia nyoka na panya hupenda kujificha humo.

Yuko fukusi mweusi mwenye pua ndefu ambaye hutoboa moyo wa mkonge, hasa mche mchanga. Ukiona mche umenyauka katikati, ung'oe, uuchome moto, kisha upande mwingine.

Mkonge hutoa mlingoti mara moja katika maisha yake, kwa kawaida baada ya miaka 7 au zaidi, kisha hufa. Hii ndiyo sababu nyua nyingi za zamani zina mapengo. Dawa yake ni rahisi. Kila mkonge unapokuwa mkubwa, uachie otea moja lililo ndani ya mstari, liwe mrithi wake. Maotea mengine yote yang'oe kila mwaka, usiyaache yaingie bustanini. Mlingoti ukikomaa ukate. Wafaa kujengea banda la kuku.

Kukata majani na kutoa singa

Anza kukata baada ya miaka mitatu hivi. Kata majani ya chini tu, nawe uache majani 25 au zaidi katika kila mkonge, kwani ua ukikatwa sana huwa wazi. Kata kwanza ile ncha kali. Utomvu wake huwasha; funika mikono na usijiguse macho.

Toa singa mapema, jani likiwa bado bichi. Liponde kwa rungu, lilaze juu ya ubao, kisha ulikwangue kwa kisu butu mpaka nyama yote itoke. Osha singa, anika juani. Majani ya kilo 100 hutoa singa kavu zipatazo kilo 3 au 4. Hizo zatosha kusokotea kamba za ndama na za kufungia mizigo.

Usioshee singa katika mto Mara, Grumeti, wala katika lambo la ng'ombe. Maji ya mkonge huua samaki. Teka maji, oshea mbali, na makapi uyafukie.

Neno la mwisho

Ninyi mkaao karibu na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, msidanganyike. Ua wa mkonge huzuia mbuzi na ng'ombe. Tembo haumzuii, naye hula hata mkonge wenyewe. Habari za tembo zipelekeni upesi kwa serikali ya kijiji na askari wa wanyamapori.

Msimu huu pima mpaka wako, hesabu miche utakayohitaji, ndipo uanze upande ule ambao mifugo hupita sana. Ukiona shaka, mwite Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yako kabla ya kupanda. Na kila mwaka zunguka ua wako wote mara moja, ukitazama kama kila mkonge mzee una mrithi wake.