Umemkataza kuchora mbuzi. Sasa achore nini?

Mtoto wa miaka sita anamletea babaye karatasi aliyochora mbuzi mwenye miguu mitano, uso umemjaa furaha. Baba anaitazama, anasema "haramu", anaichana. Nia yake ni njema, lakini mtoto hakujifunza hukumu yoyote hapo. Alichojifunza ni kwamba kuchora ni kosa. Kesho yake kalamu ya risasi imelala mvunguni.

Suala la picha za viumbe wenye roho wanazuoni wamelijadili kwa urefu, na katika michezo ya watoto wapo walioruhusu kwa kutegemea habari ya wanasesere wa Bibi Aisha (r.a.). Mwenye shaka na amwulize sheikh wake. Ila tukumbuke jinsi Ibn Abbas (r.a.) alivyomjibu mtu aliyeishi kwa kazi ya kutengeneza picha: baada ya kumfikishia onyo la Mtume (s.a.w.), alimwelekeza kwenye miti na visivyo na roho. Hakumwacha mikono mitupu. Wengi wetu huishia kwenye onyo.

Na mlango huo ni mpana. Tazama milango ya nakshi ya Lamu na Unguja, au misahafu iliyoandikwa kwa mkono Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na ya 19. Mafundi wake nao walianza na mkono wa kitoto.

Kwa mtoto mdogo zinatosha sarafu saba za aina moja. Aweke moja katikati ya karatasi, kisha sita aizungushie. Zitaenea kamili, bila mwanya. Mwache ashangae kwanza, usiharakishe kueleza. Halafu apitishe kalamu pembezoni mwa kila sarafu na kupaka rangi aitakayo.

Afikapo miaka minane au tisa, vidole vikishapata nguvu, mpe bikari. Chini ya karatasi tandika kadibodi ili ncha ishike (si gazeti hili, maana lina aya). Achore duara, kisha, bila kubadili upana wa miguu ya bikari, aweke ncha popote kwenye mzingo na kuchora tao toka ukingo hadi ukingo. Tao lilipokata mzingo, ndipo ncha ihamie. Akihama hivyo mara sita atarejea alipoanzia, na ndani ya duara litakuwa limechanua ua la petali sita.

Mara ya kwanza huenda lisikutane: bikari imelegea, au ncha imeteleza. Hapa ndipo wazazi tunapoharibu, kwa kuinyakua kalamu na kumchorea. Zuia mkono wako. Uliza tu, "Mwanangu, ncha uliiweka wapi?" Akiligundua kosa mwenyewe, ua la pili litakuwa lake kweli.

Anayependa herufi naye ana njia yake. Katika khati, urefu wa alifu hupimwa kwa nukta za kalamu ileile, utaratibu unaonasibishwa na Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940. Mwambie ahesabu nukta zake.

Nyuma ya kila karatasi andika tarehe, uihifadhi. Baada ya miezi mitatu keti naye mkekani, mlinganishe ua lake la kwanza na la mwisho. La dada yake liacheni kabatini.