Nyuzi za bolti zikilika, kifaa kipi kitumike?

Kila oili ya bodaboda inapobadilishwa, bolti iliyo chini ya injini hufunguliwa na kukazwa upya. Bolti hiyo ni ya chuma, lakini injini ni ya alumini, ambayo ni laini zaidi. Ikikazwa kupita kiasi, zinazolika ni nyuzi za injini. Baadhi ya mafundi hapo hulazimisha bolti nene zaidi. Baada ya muda oili huanza kuvuja, na oili ikiisha injini hukwama, pengine kabla mwenye pikipiki hajamaliza kulipa mkopo.

Kuna vifaa vya kazi hii. Dai hukata nyuzi nje ya bolti. Tapi hukata nyuzi ndani ya tundu. Lakini dai nyingi za mviringo zinazouzwa madukani ni za kukata nyuzi mpya. Zikitumiwa kwenye bolti iliyojikwaruza tu, zinaweza kunyoa chuma kilichobaki na nati ikacheza. Kwa bolti ya namna hiyo inafaa dai ya kunyoosha nyuzi, ambayo kwa kawaida ina pande sita na huzungushwa kwa spana. Ikiwa ni ncha tu iliyopondeka, tupa ndogo ya pembetatu inatosha.

Kabla ya kukata chochote, fundi apime. M10 ina maana ya unene wa milimita 10, lakini nafasi kati ya nyuzi inaweza kuwa milimita 1.5 au 1.25, na kwa macho bolti hizo ni kama pacha. Kipimo cha nyuzi, yaani vibamba vyenye meno, humaliza ubishi. Mashine kuukuu za Uingereza, zikiwemo baadhi ya injini za vinu vya kusagia, huwa na nyuzi za Whitworth: vipimo vya inchi na pembe ya digrii 55, wakati za milimita ni digrii 60. Kuzilazimisha ni kuharibu bolti na kifaa pia.

Tundu jipya hutobolewa kwa kutoa nafasi ya nyuzi kwenye unene wa bolti. M10 ya 1.5 hutaka keekee ya milimita 8.5, M8 ya 1.25 hutaka 6.8. Tapi huingizwa wima, ikiwa na oili kidogo, na kurudishwa nyuma kila baada ya nusu mzunguko ili chembe zikatike. Haraka haifai hapa: tapi ikikatikia ndani, keekee ya kawaida haiwezi kuitoboa.

Kwa injini ya alumini, suluhisho zuri ni koili ya chuma. Tundu hupanuliwa, hukatwa kwa tapi maalumu, kisha koili huzungushwa ndani, na bolti ya ukubwa ule ule hurudi. Chembe zote zisafishwe kabla ya kutia oili.

Bolti za magurudumu, breki na usukani hazikarabatiwi. Hununuliwa mpya, zikiwa na alama ile ile kichwani, kama 8.8 au 10.9.

Mwenye pikipiki moja hahitaji kununua seti nzima. Tapi na dai za M6, M8 na M10 humtosha kwa kazi nyingi. Kazi ya koili amwachie fundi aliye na tapi yake.