Kiasi cha Pombe Iliyopikwa: Maneno ya Vipimo na Hesabu ya Wapikaji wa Nyumbani

Mtu apikaye pombe nyumbani kwake, awe mwanamke wa Kilimanjaro apikaye mbege kwa ndizi na ulezi, au karani wa mji fulani wa Marekani apikaye bia ya shayiri siku ya Jumamosi, huulizwa swali moja ambalo masikioni ni jepesi: umepika pombe kiasi gani? Jibu hutolewa upesi, kwa debe, kwa galoni au kwa chupa. Lakini jibu hilo likichunguzwa huonekana kuwa limefunika maswali matatu: kiasi hicho kilipimwa wakati gani, kilipimwa kwa chombo gani, na kile kilichopimwa kilikuwa kimekwisha kuwa pombe au bado. Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi maswali hayo yanavyojificha ndani ya maneno yenyewe, na jinsi Kiswahili kinavyoyatenga mengine na kuyachanganya mengine.

Yafaa kuanza na Marekani, kwa sababu huko hesabu ya mpikaji wa nyumbani imetiwa katika sheria. Marufuku ya vileo ilipoondolewa mwaka 1933, upikaji wa bia nyumbani haukupewa ruhusa pamoja na mengine. Ulibaki nje ya sheria ya nchi kwa muda wa miaka arobaini na mitano. Tarehe 14 Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iliyoubadili mwendo huo, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Februari 1979. Kwa mujibu wa sheria hiyo mtu mzima aweza kutengeneza bia kwa matumizi yake na ya jamaa zake, si kwa kuuza, bila ya kulipa kodi, maadamu nyumba haipiti galoni 100 kwa mwaka ikiwa ina mtu mzima mmoja, au galoni 200 ikiwa ina watu wazima wawili au zaidi. Kila jimbo lilibaki na sheria zake, na majimbo ya mwisho kukubali, Alabama na Mississippi, yalikubali mwaka 2013.

Basi mpikaji mwangalifu huweka daftari. Mkupuo wake mmoja kwa desturi ni galoni 5, na kwa hiyo hesabu yake huonekana kuwa rahisi kabisa: mikupuo arobaini ni galoni 200, na mwaka umejaa. Lakini galoni 5 hizo ni za nini? Ili azipate, mpikaji huanza kwa kuchemsha galoni 6 na nusu, au karibu na hapo, za maji matamu yaliyotoka katika kimea. Katika saa moja ya kuchemka, galoni moja hivi hupotea kwa mvuke. Yakipoa hupungua tena kidogo, kwa kuwa maji ya moto huchukua nafasi kubwa kuliko maji baridi. Mashapo hubaki chini ya sufuria. Zile galoni 5 huingia katika chombo cha kuchachushia, na humo hamira hufanya kazi yake kwa siku kadhaa, kisha hutuama chini kama tope. Mpikaji akimimina bia katika chupa ni lazima aliache tope hilo, na mara nyingi hupata chupa 48 za aunsi 12, ambazo ni galoni 4 na nusu tu.

Zipo hapa hesabu tatu, nazo zote ni za kweli: 6½, 5, na 4½. Mwenye kuandika 5 hujaza galoni 200 kwa mikupuo 40. Mwenye kuandika 4½ aweza kupika mara 44 na bado asiufikie mpaka. Tofauti ya mikupuo minne kwa mwaka si kitu kidogo kwa mtu atakaye kushika sheria. Maneno ya sheria yenyewe husaidia kwa upande mmoja, maana kitu kinachohesabiwa ni bia, na bia imeelezwa kuwa ni kinywaji kilichochachuka chenye kileo cha nusu ya sehemu moja katika mia au zaidi. Yale maji matamu ya siku ya kupika hayana kileo hata kidogo. Kwa kushika maneno hayo, kilichomo sufuriani si bia bado, na hakiwezi kuhesabiwa kuwa bia.

Hapa Kiswahili kina hazina ambayo wafasiri huisahau. Maji ya kimea ambayo hayajachachuka yana jina, nalo ni togwa. Ni kweli kwamba togwa ya nyumba za Afrika Mashariki, itengenezwayo kwa unga wa mahindi, mtama au ulezi pamoja na kimea, ni nzito kama uji, tena hunywewa ilivyo, hata na watoto, na ikilala huanza uchachu kidogo. Haifanani kwa kila hali na maji ya shayiri ya Mzungu. Lakini mahali pake katika mfuatano wa kazi ni pale pale: kimea kimekwisha kuutoa utamu wake, na kileo hakijaingia. Mfasiri atakayesema kwamba Mmarekani alitia galoni 5 za togwa chomboni akapata galoni 4½ za bia, atakuwa amelimaliza kwa maneno machache jambo ambalo kwa Kiingereza cha wapikaji wenyewe huzusha mabishano. Kuunda neno jipya hapa kwa kubandika maneno mawili au matatu pamoja ni kazi ya bure.

Kitenzi nacho kina mtego wake. Kiswahili husema kupika pombe, na mtu husema, “Nimepika pombe,” mara tu sufuria inapoteremshwa mekoni. Lakini kwa wakati huo hakuna pombe popote nyumbani humo, ila togwa. Yambwa ya kitenzi hiki si kitu kinachotendwa, bali ni kitu kinachokusudiwa kutokea, kama vile mtu asemavyo kwamba amechimba kisima kabla maji hayajaonekana. Wakati wa -me- katika “nimepika” husema kwamba tendo limekwisha. Hausemi kwamba matokeo yake yamekwisha kupatikana. Ndiyo maana swali “umepika kiasi gani?” lina majibu mawili: moja la siku ya kupika na moja la siku ya kunywa. Mgema hana shida hii. Tembo huanza kuchachuka lingali juu ya mnazi, kiasi chake ni kile kilichomo kibuyuni anaposhuka, na kitenzi kugema hakina siku mbili ndani yake.

Serikali nazo zimepata kusumbuliwa na jambo hili. Katika Uingereza, sheria ya mwaka 1880 iliondoa kodi ya kimea na kuiweka juu ya maji matamu kabla ya kuchachuka, kwa kufuata wingi wake na uzito wake. Na kwa kuwa ilijulikana wazi kwamba si yote yatakayofika mapipani, wapikaji wa viwanda walipewa msamaha wa sehemu 6 katika mia kwa ajili ya kile kitakachopotea. Sheria hiyo hiyo iliwataka watu wapikao nyumbani wachukue leseni, nayo leseni hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1963. Katika mwaka 1993 kodi ilihamishwa tena, ikawekwa juu ya bia iliyo tayari, kwa kufuata nguvu ya kileo chake. Kwa maneno mengine, kwa zaidi ya miaka mia serikali ilipima togwa, kisha ikaanza kupima bia. Ile 6 katika mia ndiyo iliyokuwa daraja baina ya maana mbili za neno moja.

Tugeukie vipimo vya Kiswahili chenyewe. Vile vya zamani, kibaba, kisaga na pishi, hufuatana kwa kuzidishwa mara mbili: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Hivi vilikuwa hasa vipimo vya nafaka. Basi katika upikaji wa pombe mahali pao ni upande wa mwanzo wa kazi, kupima ulezi au mtama uingiao, si kupima pombe itokayo. Pombe ilihesabiwa kwa vyombo: mtungi, kibuyu, kata, na baadaye pipa na chupa. Utaratibu huu ulikuwa mzuri kwa lugha, kwa kuwa jina la kipimo pekee lilitosha kumjulisha msikilizaji ni upande gani wa kazi unaotajwa.

Debe ndilo lililouvuruga. Neno hili limetoka katika lugha za Bara Hindi, nacho chombo chenyewe ni lile bati la mafuta ya taa lenye galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na kitu. Siku hizi, kwa ndoo za plastiki, watu wengi hulihesabu kuwa ni lita 20. (Kwa kuwa galoni ya Kimarekani ni ndogo kuliko ya Kiingereza, galoni 5 za mkupuo wa Mmarekani ni karibu lita 19, yaani takribani debe moja. Mpika mbege na yule karani wa Marekani wanapima kwa chombo kimoja pasipo kujuana.) Tofauti na pishi na mtungi, debe hupima nafaka na hupima vilevile kitu cha majimaji. Na hapo ndipo penye hatari. Mtu akisema “pombe ya debe mbili”, amesema nini? Yaweza kuwa pombe iliyotokana na debe mbili za ulezi; yaweza kuwa pombe ijazayo debe mbili. Kihusishi -a hubeba maana zote mbili bila ya kuonyesha upendeleo. Wanawake wawili wakishirikiana, mmoja akaleta nafaka na mwingine kuni, maji na kazi, kisha wakaagana kugawana “pombe ya debe mbili”, kila mmoja aweza kurudi nyumbani na hesabu yake, wala hakuna kati yao aliyesema uongo.

Sarufi hutoa msaada, ingawa si kamili. Wasemaji wengi hutofautisha “madebe mawili ya pombe” na “debe mbili za pombe”. Katika usemi wa kwanza debe limo katika ngeli yake ya LI-YA, nalo ni chombo: yapo mabati mawili, yanaonekana, nayo yana pombe. Katika usemi wa pili limeingia katika ngeli ya I-ZI, limeacha kuwa chombo likawa kiasi, na pombe hiyo yaweza kuwa imo katika pipa moja kubwa. Hali kadhalika “mapipa matatu” na “pipa tatu”. Si wote wanaoishika tofauti hii, na waalimu wa shule huihesabu “debe mbili” kuwa ni kosa. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Jina la kitu linapogeuka kuwa jina la kipimo, kuhama ngeli ni njia ya lugha ya kutoa taarifa ya mabadiliko hayo, na kuisahihisha katika vitabu vya wanafunzi ni kuinyima lugha chombo ambacho soko linakitumia kila siku. Chupa na galoni, kwa kuwa zimo katika I-ZI tangu mwanzo, haziwezi kuonyesha tofauti hiyo: “chupa arobaini na nane” yaweza kuwa vyombo na yaweza kuwa kiasi.

Limebaki jina la kile kipikwacho kwa mara moja, ambacho hapa kimeitwa mkupuo. Neno lingine lililo karibu ni pishi, kwa maana ya upikaji, lile litokalo katika kitenzi kupika na lenye wingi mapishi. Lakini kulitumia katika daftari lenye pishi za ulezi ni kuwaweka majina wawili katika nyumba moja wasioitikiana. Mpiko nao ni mti wa kuchukulia mzigo begani. Mkupuo, kwa asili yake, ni kumwaga au kutoa kitu chote kwa mara moja, nao huhesabika vizuri: mkupuo wa kwanza, mikupuo kumi. Una faida nyingine ndogo, kwamba hausemi lolote juu ya kufaulu. Mkupuo uliogeuka kuwa siki na kumwagwa ni mkupuo pia, nao una haki ya kuwa na mstari wake daftarini. Bali katika safu ya pombe pataandikwa sifuri, au pataandikwa zile galoni zilizomwagwa, kwa kutegemea kama mwenye daftari anahesabu kazi yake au anahesabu kinywaji chake. Kwa sheria ya Marekani, pombe iliyochachuka ikapata kileo chake kabla ya kuharibika ilikuwa bia, hata kama hakuna aliyeinywa.

Daftari litakalosomeka vizuri kwa Kiswahili, basi, lahitaji safu nne: nafaka, ikiandikwa kwa pishi au kwa kilo, togwa iliyoingia chomboni, pombe iliyotoka, na tarehe mbili badala ya moja, ya kupika na ya kumimina. Tarehe ya pili ndiyo isahaulikayo zaidi, nayo ina maana kubwa mwezi wa Desemba, kwa kuwa galoni za Marekani huhesabiwa kwa mwaka wa kalenda. Togwa iliyopikwa tarehe 28 Desemba ikamiminwa chupani katikati ya Januari imepikwa katika mwaka mmoja na kuwa chupa za bia katika mwaka mwingine, na mwenye daftari la tarehe moja hana njia ya kujua aiandike wapi.