Gazeti linafika Kisii, mshahara unabaki Nairobi

Muuza magazeti mmoja karibu na stendi ya Kisii, ambaye wateja humwita Omogaka, hana neno zuri kwa simu za mkononi. Analalamika kwamba kabla hajafungua furushi lililosafiri usiku kucha kupitia Narok, baadhi ya wateja wake wa zamani huwa wameshatumiwa gazeti zima kwenye kundi la WhatsApp, bure. Waliobaki hupenda kukodi. Wanampa sarafu, wanasoma michezo na nafasi za kazi, kisha wanamrudishia. Yeye hulikunja upya, na jioni likarudi kwa msambazaji pamoja na yasiyouzwa. Hilo haoni kuwa ni wizi. Wizi, kwake, ni gazeti kumwachia faida isiyomfikisha Suneka kwa matatu. Mvua ya alasiri nayo, ambayo Gusii haijui likizo, ikilowesha nakala moja tu, faida ya nakala kadhaa imekwenda.

Nimeanza na mzee huyu kwa sababu vijana wanaorudi nyumbani na shahada ya uanahabari huuliza kwanza habari zipo au hazipo. Zipo tele. Wangeuliza gazeti lanunuliwa na nani.

Afisa mmoja wa mawasiliano upande wa serikali ana jibu tayari. Anasema soko ni kubwa, na anataja sensa ya 2019: watu 1,266,860 Kisii, 605,576 Nyamira, jumla karibu milioni 1.9. Aliirudia hesabu hiyo mara tatu katika mazungumzo yasiyofika nusu saa. Takwimu ni sahihi. Lakini ndani yake wamo watoto wa mgongoni, wamo wanaosikiliza redio za Ekegusii tangu alfajiri hadi usiku, na wamo watu kama mimi tuliozoea kusoma gazeti la kinyozi. Nilipomuuliza ofisi yake hununua nakala ngapi kwa siku, alirudi kwenye sensa.

Kisii haina gazeti la kila siku la kwake. Yanayouzwa hapa huhaririwa na kuchapishwa Nairobi, na kwa Kiswahili ni moja tu nchi nzima. Kwa hiyo anayeitwa mwandishi wa gazeti mjini Kisii, Nyamira au Ogembo mara nyingi ni mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa kila habari iliyochapishwa. Neno ni hilo: iliyochapishwa. Aliyepanda bodaboda hadi Nyamache kufuatilia mgogoro wa shamba, akaandika, akatuma, kisha ukurasa ukajaa tangazo au kauli ya mwanasiasa wa Nairobi, amekula hasara ya nauli na data. Mmoja wao aliniambia kwamba mwezi mzuri kwake ni ule ambao bunge la kaunti linataka kumng'oa mtu. Kaunti hizi mbili zimelizoea jambo hilo, kwa hiyo hafi njaa. Lakini ndizi, parachichi na mawe ya kuchonga ya Tabaka, ambayo ndiyo maisha ya wasomaji, humpatia aya mbili, pengine sifuri.

Ajira yenye mkataba imezidi kuwa adimu. Aprili 2020, janga la korona lilipobana matangazo, mishahara ilikatwa katika vyumba vya habari vikubwa, kisha watu wakaachishwa kazi, na punguzo limerudi mara kadhaa tangu hapo. Ofisi za mikoani ndizo huguswa upesi, kwani kufunga chumba cha kupanga Kisii ni rahisi kuliko kuuza mtambo wa kuchapa.

Fedha za matangazo ndizo zilizobeba biashara hii, na hapo ndipo mambo yanachafuka. Tangu 2015 matangazo ya serikali kuu yamekuwa yakipitia wakala mmoja wa serikali, na wachapishaji wamelia miaka yote kuhusu madeni. Kaunti, zilizoanza kazi 2013, nazo zina zabuni, notisi na salamu za pole za kuchapisha. Maafisa hudai malipo hutoka kwa wakati. Sijakutana na mwandishi aliyeliamini hilo. Ubaya wake ni kwamba mdaiwa huyo huyo ndiye chanzo kikuu cha habari, na katika mikutano yake huwa pana bahasha ya "nauli". Anayelipwa kwa habari moja moja huikataa kwa shida, na anayeipokea huandika kwa upole. Matangazo ya tanzia, yaliyokuwa tegemeo, yamehamia kwa wingi redio za lugha ya nyumbani.

Wenye jamaa Minnesota, nao Gusii ni wengi, huamini kwamba huko mambo ni tofauti. Si sana. Youngstown, Ohio, mji wa viwanda katika ukanda huo huo wa kati ya Marekani, ulishuhudia gazeti lake la miaka 150 likifungwa na familia iliyolimiliki mwaka 2019, na gazeti jirani likanunua jina lake. Lakini wao angalau walikuwa na lao la kufunga.

Huenda intaneti ikazaa kitu, kwani wapo wanaochuma kiasi kwa video na kurasa za Facebook za habari za Keroka na Kebirigo, ingawa hakuna aliyenionyesha hesabu zake. Kwa sasa, mwenye majani chai ya kuuza au mshahara wa ualimu anaweza kuichukua kazi hii bila kuumia sana. Anayetegemea gazeti pekee kulipia kodi ya nyumba Kisii mjini, adai mkataba wa maandishi kabla ya kutuma habari ya kwanza.

Omogaka amepunguza oda yake tena. Siku hizi, kando ya magazeti, anauza kadi za simu.