Herufi MS Katika Cheti cha Dawa

Katika maktaba zitunzazo maandishi ya kale, herufi MS humwarifu msomaji kwamba aliombalo ni hati ya mkono; mwanakemia hukusudia kwazo ufundi wa kupambanua chembe kwa uzito wake, na baharia huziona mbele ya jina la meli ya injini. Hawa hawagongani, kwani kila mmoja yumo katika fani yake. Taabu huzuka pale maana kadhaa zikaapo chini ya paa moja, na hapana mahali ihitajipo hadhari kubwa zaidi kuliko hospitali.

Tabibu wa moyo akiandika MS, aghalabu ataja kubana kwa vali ya mitrali, maradhi ambayo kwetu hutokana sana na homa ya baridi yabisi ifuatayo maambukizo ya koo utotoni. Ilhali tabibu wa neva, kwa herufi zizo hizo, akusudia ugonjwa ambamo kinga ya mwili huushambulia utando wa neva, nao ni nadra katika nchi za ikweta.

Amma katika dawa, jambo ni zito zaidi. MS yaweza kusomwa mofini salfeti, itulizayo maumivu makali, au magnesiamu salfeti, ambayo hudungwa mama mwenye kifafa cha mimba. Kipimo cha kwanza cha magnesiamu mshipani ni gramu 4. Cha mofini kwa mtu mzima aghalabu hakizidi miligramu 10, yaani sehemu 1 katika 400. Zote mbili zikizidi huzuia pumzi, wala kiokozi chake si kimoja: mofini hupingwa kwa naloksoni, magnesiamu kwa kalsiamu glukoneti, hata aliyeitambua hatari huenda akashika chupa isiyofaa.

Kwa ajili hiyo Joint Commission, taasisi ya Marekani ikaguayo hospitali, mwaka 2004 iliorodhesha MS, MSO4 na MgSO4 miongoni mwa mikato isiyoruhusiwa, ikataka majina yaandikwe kamili. Wadhanio kwamba alama za kemia zingeondoa shaka na watazame: MSO4 na MgSO4 zapishana kwa herufi moja ndogo, ambayo mkono wa haraka huimeza, tena kemia haina elementi yenye alama M.

Mfamasia aletewaye cheti chenye MS tupu ana haki, nami nasema ni faradhi juu yake, kumrudia aliyekiandika amwulize, ijapokuwa mgonjwa yu dirishani angoja.